Uzoefu wangu na Impreza ya tabo Malindi, na gereji iliyotaka namba ya mume wangu

"Mama, nipe namba ya mzee nimweleze."

Neno hili nimekaa nalo kifuani muda sasa na halitoki. Nilipanga kuandika sifa za gari, nikaandika mistari miwili nikafuta, maana kila nikigusa habari ya gari sauti ya yule bwana wa gereji inanirudia. Basi tuanze naye. Sifa zitakuja zenyewe, kama zimebaki.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, yenye tabo (kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu), gia za mkono, buluu iliyofifia paa kwa jua la Malindi. Lingekuwa mtu lingeshapata kitambulisho, limepiga kura na linasumbuliwa na jamaa lioe. Mambo ya nguvu za farasi katafuteni wenyewe, yameandikwa kila mahali. Gereji iko Mombasa, na jina lake naliacha kwa sababu moja tu: sehemu ya pesa zangu bado iko kwao.

Wasiojua injini hii niwaeleze upesi. Mkanda wa taiming ndio unaozungusha kamshafti (vyuma vinavyofungua valvu) na pampu ya maji, na unapita juu ya rola kadhaa na tenshena, yaani kikaza mkanda. Hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na mwenye akili hubadilisha vyote kwa pamoja, kwa sababu rola ikikwama mkanda mpya haukufai kitu. Mkanda ukikatika au ukiruka meno, pistoni zinagongana na valvu. Hapo hakuna "labda".

Langu lilikuwa limekaribia. Spea za namna hiyo hapa Malindi ni za kubahatisha, boksi limeandikwa Japani lakini maandishi yenyewe yana makosa ya herufi. Nikaenda Mombasa, kwa gereji yenye vigae sakafuni na kijana wa kukuletea soda baridi. Nikalipa seti nzima: mkanda, tenshena, rola zote, pampu ya maji. Risiti ninayo, wamekiorodhesha kitu kimoja kimoja kwa mwandiko mzuri. Wateja hawaruhusiwi kuingia ndani, kwa hiyo nikashinda kwenye benchi nikitazama barabara. Jioni nikaomba vile vya zamani. Nikaletewa mkanda uliokunjwa ndani ya gazeti. Na rola? "Zimeshatupwa, mama." Na pampu? "Pia."

Gari likatembea miezi kadhaa bila neno.

Halafu siku moja nikitoka Mombasa, nimeshapita Kilifi, Tezo, Matsangoni na matuta yake yote (matuta ya barabara ile siku nyingine nitayaandikia peke yake, yanastahili), nikafika Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke kushoto kwangu. Nikasikia mlio mwembamba wa kukwaruza. Ikafuata harufu ya mpira unaoungua. Kisha kimya. Usukani ukawa mzito, taa zote za dashibodi zikawaka, nikalitoa pembeni kwa mwendo uliobaki. Nilipogusa ufunguo, stata ikazunguka haraka, nyepesi, haina mzigo wowote. Sauti hiyo maana yake mkanda hauzungushi tena kitu, na anayeijua anajua moyo wangu ulifanyaje. Sikugusa tena.

Nikapiga simu gereji. Nikaeleza kila kitu: mlio, harufu, stata, na kwamba nashuku rola. Yule bwana akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, ndipo akasema nimpe namba ya mzee amweleze.

"Mzee gani?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi."

"Sawa mama, lakini nataka mtu tutakayeelewana naye. Haya mambo ya injini ni marefu."

Mume wangu, Mungu amhifadhi, hajui hata waya wa kufungulia boneti uko upande gani. Mtu wa baiskeli. Ndiye alikuwa ameketi kiti cha abiria wakati ule, akala korosho, akaniambia, "Wanitaka mimi? Waambie nimelala." Nilicheka nikiwa nataka kulia.

Akaja bwana wa brekdauni kutoka Gede, akaanza kufunga minyororo ainue magurudumu ya mbele. Nikamwambia hapana. Gari hili nguvu yake inakwenda kwa magurudumu yote manne. Ukiinua ya mbele ukaburuta ya nyuma, kile kifaa kinachogawa nguvu katikati ya giaboksi kinachemka mpaka kinakufa. Yote manne chini, au yote manne juu ya lori. Akasema, "Dada, mimi navuta magari tangu wewe hujazaliwa." Nikamjibu, "Shikamoo basi, lakini hili hutaliinua." Akacheka, akafunga kamba, tukavutwa polepole hadi Malindi. Yule sina ugomvi naye. Alibisha, lakini alibishana na mimi, si na mume wangu.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja huku Maweni, anayefanya kazi chini ya mkilifi. Ni fundi wa Land Rover na injini za boti, Subaru za tabo hakuzizoea, na aliniambia wazi: "Mwanangu, hii sijaifungua sana. Tutaifungua pamoja, pole pole." Akanivutia kigoda, akasema bismillahi, akaanza.

Alipotoa mfuniko wa plastiki wa mbele nikaona kwa macho yangu. Mkanda ulikuwa mpya kweli, bado una mistari myeupe ya kiwandani, ila meno yamenyoleka sehemu moja. Rola zilikuwa nyeusi, zimeshika ukoko wa grisi na vumbi la miaka. Moja imeganda, haizunguki hata ukiikamata kwa mikono miwili, na uso wake umegeuka samawati kwa moto. Mzee akaitoa, akaitikisa sikioni. Beringi kavu kabisa. "Mwanangu," akasema, "hii ilizaliwa na gari." Pampu ya maji nayo ile ile ya zamani, chini yake kuna mchirizi wa kutu. Katika vyote nilivyolipia, walifunga mkanda.

Sitaki kuwachosha na matengenezo. Injini ilishushwa, hedi zote mbili (vile vichwa vya injini vinavyobeba valvu) zikatolewa, valvu kadhaa zilikuwa zimepinda, hedi zikapelekwa kwa fundi wa mashine kusawazishwa, gasketi mpya za chuma zikaagizwa. Ila jambo moja lazima niliseme. Mzee alichukua katoni la maziwa, akachora hedi kwa kalamu, akatoboa tundu kwa kila bolti na kuichomeka mahali pake, ili kila moja irudi ilikotoka. Adhuhuri ikiadhiniwa, kazi inasimama, katoni linafunikwa kwa kanga kuukuu watoto wasiliguse. Katika gereji yenye vigae sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwa na katoni.

Ana kasoro, nisimfanye malaika. "Kesho inshallah" yake ina kesho nyingi sana ndani yake. Ukiwa na haraka usimwendee.

Nikarudi Mombasa na ile rola ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaiweka juu ya kaunta, na risiti pembeni. Yule bwana akaitazama, akatabasamu, akanijibu hivi, nanukuu neno kwa neno maana sitalisahau: "Rola zako zilikuwa bado nzuri, mama, tukaona tusikuharibie pesa."

Tusikuharibie pesa! Pesa mmeshachukua!

Wazee wetu walisema hasira za mkizi tijara ya mvuvi, na mimi nilikuwa nusu nje ya maji. Nikashusha pumzi. Akaongeza, kana kwamba ananifanyia hisani: "Na hii gari ni ya zamani. Mwanamke kama wewe chukua Vitz, utastarehe." Vijana waliokuwa nyuma yake wakainamisha vichwa. Mmoja alikuwa anacheka, mmoja alikuwa anaona haya, nilijua yupi ni yupi.

Nikamuuliza kama anaijua Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na risiti yenye orodha ni ushahidi mtamu. Tabasamu likapungua. Kabla sijafika Mtwapa, M-Pesa ikaingia: pesa za rola na pampu, hata leba hawakugusa, sembuse valvu. Na ujumbe: "Samahani kwa usumbufu, msalimie mzee." Mpaka mwisho, mzee!

Gereji: haina nyota hata moja. Kama kuna chini ya sifuri, huko.

Sasa gari lenyewe. Nikiulizwa leo, nasema msinunue. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo za umri huu zilizopo ndizo hizo, na spea nyingi zinatoka kwa wenzake waliokwisha kufa. Bima kubwa, kila kampuni niliyoiuliza ilitazama mwaka wa gari ikasema hapana. Na hewa ya bahari hailionei huruma. Kagua madigadi ya nyuma kwa ndani, na pale juu shokabu za nyuma zinaposhikia bodi. Kutu ya magari haya hupenda kuanzia huko, na rangi ya nje inaweza kukudanganya inang'aa. Wengi mjini huosha gari kwa maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, unaosha chumvi kwa chumvi. Mimi naosha kwa maji ya bomba yanayotoka Baricho, siku yakija, na chini ya gari naosha zaidi kuliko juu. Jirani yangu ananiona nimelala chini na mpira wa maji anasema, "La kuvunda halina ubani." Nampuuza.

Tabo nayo ina adabu zake. Inazungushwa na moshi wa moto wa ekzosi na inaelea juu ya oili. Ukitoka mwendo mkali ukazima ghafla, oili inaungulia ndani na beringi inaanza kufa bila wewe kujua. Acha injini ingurume dakika moja mbili ndipo uzime. Wanaokusubiri watakasirika, waache. Kila ukijaza petroli chomoa kijiti upime oili, injini hizi zikizeeka zinakunywa. Na ukikwama katikati ya tuktuk saa saba mchana, intakula (kipoza hewa ya tabo) iliyokaa juu ya injini inapata joto lote la chini na gari linakuwa zito, halina hamu. Si ubovu. Likipata upepo litarudi.

Na likirudi...

Hapa ndipo ninapojikana. Alfajiri, ukishavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, barabara bado haina mbuzi wala boda, unashika gia ya tatu, tabo inaamka, na ule mngurumo wa mapigo yasiyolingana unakujia mgongoni. Unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu tofauti, nilishaelezwa, sijali, bado ngozi inanisisimka. Kizazi chetu ugonjwa huu tuliupata kwenye Safari Rally. Dereva Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000, na watoto tuliosimama kando ya vumbi, au tuliolisikia redioni tu, hatujapona. Sipiti 100, sheria ndiyo hiyo kwa barabara isiyogawanywa katikati. Huna haja ya kupita. Furaha iko katika kufika hapo.

Kwa hiyo gari nalipa nyota tatu. Hapana, lilinilaza Mida. Mbili. Lakini Mida halikunilaza lenyewe, nililazwa na rola ya watu, basi nne, na ile moja inayobaki imeliwa na kutu. Anayetaka gari la kupelekea watoto shule asome nyota mbili. Mwenye ugonjwa wangu asome nne.

Mtu wa Watamu amenipigia anataka kulinunua. Alianza kwa kuuliza kama anazungumza na mwenye gari, nikasema ndiye, akasema vizuri, akaniuliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini na nani. Kwa swali hilo tu nilimpenda. Nimemtajia bei ya kumfukuza. Amekwenda kufikiri, na mimi naomba afikiri mwaka mzima.