Fulana Imekuwa Nyepesi, Chapa Ileile: Nihamie Wapi?

Nina fulana ya miaka minane ambayo bado naivaa. Ndugu yake, chapa ileile na saizi ileile, niliinunua mwaka jana na sasa inafutia vumbi. Shingo ililegea mapema, na mshono wa ubavuni ukahamia tumboni. Nilipozishika zote mbili ndipo nilipoelewa: mpya ilikuwa nyepesi kama bitana.

Basi kabla ya kutafuta jina jipya, tafuta uzito. Kitambaa hupimwa kwa gramu kwa kila mita mraba, na kwenye maelezo ya bidhaa utaona GSM. Gramu 130 hadi 150 ni nyepesi. Mimi sishuki chini ya 180, na zikipita 200 hiyo ni nzito hasa. Ila uzito haumalizi kila kitu. Pamba iliyochanwa vizuri, kama nywele kwa kitana, huondolewa nyuzi fupi, na nyuzi hizo ndizo hutoka juu na kuifanya nguo iote manyoya. Mshono unaohama mara nyingi hutokana na uzi uliosokotwa kupita kiasi au kitambaa kilichokatwa upande. Huo usihangaike nao kwa pasi.

Namba moja kwangu ni fulana za kazi, zile zinazotengenezewa watu wa mjengo na gereji. Carhartt K87, kwa mfano, ina wakia 6.75 kwa yadi mraba, yaani karibu gramu 229. Kasoro yake ni mkato mpana. Usipoangalia utaonekana umeazima ya kaka yako.

Ya pili ni mitumba. Wengine watanishangaa, lakini fulana ya mtumba imeshafuliwa na mtu mwingine: kama ilikuwa ya kurudi, imesharudi, na kama mshono ulikuwa wa kuhama, unauona palepale. Kagua kwapa na shingo, kisha iinue kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako waziwazi upande wa pili, iache.

Tatu, fulana tupu wanazonunua watu wa kuchapa maandishi na picha kwenye nguo. Uzuri wake ni kwamba zina namba ya modeli na uzito umeandikwa, kwa hiyo hubahatishi. Gildan 5000 ina gramu 180 hivi. Bella+Canvas 3001 ni laini zaidi mwilini lakini ina kama 142 tu, kwa hiyo usiichague ukitafuta uimara. Soma lebo ya rangi unayoitaka: kijivu cha madoadoa mara nyingi huchanganywa na poliesta hata pale nyeusi na nyeupe zikiwa pamba tupu.

Chapa za bei kubwa nimeziweka ya nne, tena kwa shingo upande. Baadhi ni nzuri kweli. Nyingine unalipia nembo na taa za duka, na kitambaa ni kilekile chepesi. Nunua ukiwa umeishika mkononi tu: ivute shingo na uiachie, ikibaki imetanuka, irudishe rafuni.

Mwisho kabisa ni kubaki na chapa ya zamani kwa mazoea. Ukishindwa kuiacha, chukua moja kwanza, uifue mara tatu, uilaze juu ya ile kuukuu ulinganishe mabega na urefu, ndipo uagize nyingine tano.