Sheria Marekani: uingie moja kwa moja au ufanye kazi kwanza?

Marekani, sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka 3. Anayeomba akiwa mwaka wa mwisho ana faida ya kweli: maprofesa bado wanamkumbuka, hivyo barua za mapendekezo hupatikana kwa urahisi. Ila LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria wenye alama 120 hadi 180, ataufanya huku masomo mengine yakimkaba.

Anayefanya kazi kwanza huomba akiwa na alama zake zote za chuo, amepata nafasi ya kujiandaa na ana akiba kidogo. Mimi naegemea huku, hasa kwa sababu ya fedha. Kuanzia Julai 2026, mkopaji mpya wa sheria hapati zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka kutoka serikali kuu, na vyuo vingi vya binafsi hutoza ada inayozidi hapo, kabla hata ya kodi ya nyumba na chakula. Pengo hilo huzibwa na benki au na ufadhili, na LSAT ikipanda hata alama chache, ufadhili waweza kuongezeka sana. Matokeo ya mtihani huo hutumika kwa miaka 5, kwa hiyo hata aliye chuoni anaweza kuufanya likizo ya kiangazi na kuyaweka.

Aliyekwisha kupewa ufadhili kamili asisubiri.