Nakshi ya chokaa kwenye daka letu: kazi safi, ila uende na subira

Nyumba yenyewe ni ya wakfu, huku Lamu, mtaa wa Mkomani, twaikarabati iwe chumba cha kusomea watoto. Kamati ilitenga fedha za pambo moja la kuonekana na kila mpita njia, nikatumwa mimi kutafuta fundi.

Nilimwendea fundi chokaa mmoja wa Langoni na mchoro wangu: nakshi ukuta mzima, upande wa njiani. Hakuutazama. Alikuja akakaa barazani kwetu, akangoja. Punda wakapita na mawe, shehena zikikwaruza ukuta usawa wa kiuno. "Mwalimu, waona? Nakshi yako hii Ramadhani ijayo itakuwa unga." Akanikumbusha nilichopaswa kujua: nyumba zetu za kale nje hazijipambi ila mlango; zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na nakshi za chokaa ni mambo ya ndani. Basi akashauri tuiweke kwenye daka, kile kiukumbi cha mlangoni, juu ya vichwa vya wanaokaa. Mvua haifiki, punda hafiki, na daka ni la kila mtu.

Alichonga kwa kisu kidogo, chokaa ikiwa bado mbichi, bila kalibu. Mnyororo pembeni, katikati ua la petali nane. Taa ikiwashwa magharibi, kila mkato watupa kivuli chake.

Sasa lawama. Wiki tatu alizoahidi zilikuwa tisa, na simu hapokei. Baya zaidi, nilipokwenda Mombasa mwanagenzi wake aliziba ufa chini ya nakshi kwa saruji. Ukuta wa matumbawe una unyevu na chumvi. Chokaa huupumulisha, saruji huuziba. Haukupita mwezi plasta ikatuna kama andazi. Fundi alikuja mwenyewe, akabandua, akarudia kwa chokaa, hakudai hata shilingi. Hapo alinirudisha moyo.

Ukimpa kazi, andikianeni kabisa kwamba saruji haigusi ukuta, na umlipe kwa awamu. Kibali cha Makumbusho ya Taifa kifuatilie mwenyewe kabla ya kugusa chochote cha nje. Mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, lakini fundi hakukitaja kibali hicho, nami nilipoteza siku kumi na mbili.

Nyota nne.

Petali moja imenona kuliko wenzake. Wazee wa barazani washaanza kubishana kama ni makusudi au mkono uliteleza. Nimemuuliza fundi, acheka tu.