Semina ya mawakili wapya wa jinai: nimefundishwa, na nimetukanwa

Niseme mapema ili msije mkanilaumu: msiende. Laki tatu na nusu yangu sijui hata kama naidai, ila yaliyonikuta mbele ya mawakili wenzangu wapya katika ukumbi ule wa Dar es Salaam bado yananichemsha damu, na semina imeisha kitambo.

Tulipangwa kwenye mahakama ya mfano. Kesi ya wizi wa pikipiki, mimi utetezi, dada mmoja anaiwakilisha Jamhuri, upande wa mashtaka, na mkufunzi, wakili mwenye jina lake mjini, amekaa kama hakimu. Shahidi, askari mpelelezi wa kuigiza, akakabidhiwa maelezo ya onyo ya mshtakiwa, yaani yale aliyoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Hajaomba yapokelewe kuwa kielelezo, huyo ameshaanza kuyasoma kwa sauti: "Mimi, kwa hiari yangu, nakiri kwamba..." Nikasimama. "Mheshimiwa, pingamizi."

Hakuniuliza pingamizi la nini. Alinitazama kwa juu ya miwani, akasema, "Dogo, kaa chini. Nyie ndio wale wa sapu?"

Ukumbi mzima kicheko.

Jamani, sapu, mtihani wa kurudia! Mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja, mpaka waziri akaunda kamati. Tangu hapo wakili mzee akiishiwa hoja anaokota hilo. Kama nilikuwa na sapu au sikuwa nayo, halimhusu. Mimi ni wakili, nimeapishwa, na ada yangu alikuwa ameshaila.

Na pingamizi lilikuwa halali! Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Robinson Mwanjisi, 2003, utaratibu ni huo: waraka unaombewa, unapokelewa, ndipo unasomwa. Ukisomwa kwanza, hakimu ameshasikia kwamba mteja wako "amekiri" kabla hujapata nafasi ya kusema kwamba alipigwa. Hapo utabishania hiari gani tena? Huyu mtu anafundisha mawakili wa jinai, na hilo limempita.

Chakula kilikuwa kizuri. Makabrasha yao sijayafungua.

Sasa, nikiishia hapo nitakuwa nimewaonea. Kesho yake alikuja mama mmoja, hakimu mstaafu. Hakuwa na projekta, alikuwa na daftari na kalamu tu. Akatuambia tumdodose shahidi. Kila aliyesimama alimwaga maswali matatu kwa pumzi moja, na mama haandiki, anatutazama. "Wakili msomi, kalamu yangu inafanya nini?" Kimya. Akaeleza kwamba huko mahakama za chini hakimu bado anaandika mwenyewe kwa mkono, na kisichoandikwa, jaji wa rufaa hatakiona. Uliza, ngoja kalamu isimame, ndipo uulize lingine.

Zamu yangu ikafika. Upekuzi ulikuwa saa ngapi? Saa tano usiku. Kalamu ikatembea, ikasimama. Mwanga? Tochi. Ilishikwa na nani? Na mimi. Hati ya upekuzi iliandikwa na nani? Na mimi. Nikafungua mdomo, mama akainua kidole: "Acha. Hayo mengine utayasema kwenye majumuisho." Yaani kwenye hoja za mwisho, ushahidi ukishafungwa.

Kwa dakika zile tu ningelipa laki tatu na nusu nyingine, naapa.

Nikamuuliza na lile la maelezo ya onyo. Akashangaa. "Nani aliruhusu yasomwe?" Hakuna aliyejibu. Mkufunzi wetu, aliyekuwa nyuma anachezea simu, akatoka nje kupokea simu ambayo sisi wengine hatukuisikia ikiita.

Hivyo nikataka kuwapa alama nzuri tu, yaishe. Lakini nilipomweleza mratibu, akanijibu, "Kaka, mahakamani utakutana na makubwa zaidi, zoea." Nizoee! Hakimu akinikatalia pingamizi lipo kwenye kumbukumbu, na nina rufaa. Kwa hawa nakata rufaa wapi? Hata samahani ya uongo hawana.

Basi msiende. Au nendeni siku ya mama tu, kama wataruhusu kulipia siku moja, maana nilipouliza walinizungusha. Mimi awamu ya pili nimeshalipa nusu, msinicheke. Nusu iliyobaki wataipata nikishaiona ratiba yenye jina la mama.