Unga wa homoni ya mizizi: kwa bogenvilia naupa tano, kwa franjipani acheni tu

Jamani huu unga wa kuoteshea mizizi nimeutumia muda wa kutosha sasa naweza kuusemea. Ni ule mweupe wa kwenye kopo dogo, dawa yenyewe iliyomo inaitwa IBA, na kopo langu ni la asilimia 0.3 ambalo ni la matawi yaliyokomaa kiasi, yaani si yale laini ya kijani kabisa na si yale yaliyokuwa mti. Kuna wa 0.1 kwa matawi laini na wa 0.8 kwa magumu, lakini hawa waliotengeneza kopo langu wameandika kwa herufi kubwa "kwa mimea yote", na hapo ndio naanza kugombana nao.

Kwanza sifa zake. Bogenvilia ni msumbufu aisee, unachomeka kijiti kinatoa majani mapya fasta unafurahi, kumbe chini hakuna hata mzizi, kinakula tu akiba iliyomo kwenye kijiti chenyewe na akiba ikiisha majani yote yananyauka kwa mpigo. Nikapanda vilivyopakwa unga na visivyopakwa trei moja, mchanga na kokopiti (makapi ya maganda ya nazi) ile ile, kivuli kile kile. Vilivyopakwa vikatoa mizizi kuzunguka kijiti chote, vile vingine vilivyopona vina kamzizi kamoja kako upande mmoja tu. Tofauti inaonekana kwa macho, haihitaji mjadala. Ila mizizi ya bogenvilia inakatika kama tambi kavu kwa hiyo usivutevute kijiti kuangalia kama kimeshika, subiri mizizi ichungulie kwenye matundu ya chini, na ukihamisha hamisha na udongo wake wote.

Hibiskasi mi sioni sababu ya kuupoteza unga. Inashika hata bila dawa, labda mizizi inawahi kidogo. Shida ya hibiskasi iko juu, majani yanatoa maji na hakuna mizizi ya kunywa mengine, sasa hapo unga utasaidia nini? Kata majani makubwa nusu, toa vitumba vyote vya maua hata kama roho inauma, funika na mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga na uweke mbali na jua kali. Majani ya chini yakigeuka njano na kudondoka moja moja usitupe, kwangua gome kidogo na ukucha, ukikuta kijani chenye unyevu kijiti kiko hai, ukikuta kahawia kavu hicho ni kuni.

Franjipani sasa, hapa ndio kopo linadanganya. Ukikata franjipani inachuruzika utomvu mweupe (jihadhari usikuingie machoni), ukichovya kijiti kwenye unga hapo hapo unapata ugaga mzito unaoziba kidonda huku ndani bado kuna maji, na ukikizika kwenye mchanganyiko wenye unyevu kinaoza. Franjipani inataka kukaa kivulini wiki moja hadi mbili bila kupandwa mpaka kidonda kikauke kifunge, ndipo uichomeke kwenye mchanga unaopitisha maji vizuri na umwagilie kwa nadra sana. Bonyeza shina na kidole gumba, likiwa gumu liko salama hata kama limekunjamana kidogo, likibonyea na kutoa harufu basi limeoza. Ukiwahi unaweza kukata juu ya sehemu nyeusi, unakata na kusafisha kisu unakata tena mpaka uone nyama nyeupe safi bila hata duara la kahawia katikati, halafu unaanika upya. Maelezo ya kopo hayana hata sentensi moja ya hayo yote.

Na watu waelewe, huu unga hauzuii kuoza. Kuna aina zinachanganywa na dawa ya ukungu, hii yangu haina, kwa hiyo shina likianza kuwa jeusi kuanzia chini kupanda juu usikimbilie kuongeza unga, punguza maji. Pia ukizidisha ndio unachelewesha mizizi, unga ukizidi unazuia. Kinachotakiwa ni vumbi jembamba tu, chovya, kung'uta, halafu toboa shimo kwanza kwa kijiti kingine ndio upande, ukisukuma moja kwa moja unga wote unabaki juu.

Kingine, usichovye ndani ya kopo. Mimina kidogo pembeni na kilichobaki kitupe, maana unyevu na uchafu wa matawi ukiingia mle ndani kopo zima limekwisha. Na mfuniko wa hili kopo ni wa hovyo, unakaa legelege, unga ukanishika mabonge pembeni wakati dawa yenyewe haitaki joto, mwanga wala unyevu. Nimeuhamishia kwenye kichupa cheusi chenye kifuniko cha kuzungusha.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa mfuniko na hayo maandishi ya "mimea yote". Hili likiisha nitachukua wa 0.8 kwa ajili ya bogenvilia zenye shina nene, na kwa hibiskasi naendelea na maji na nailoni yangu.