AutoSparge ya Blichmann: boya linatunza maji ya juu, koki ya chini ni kazi yako

Kama unatengeneza bia nyumbani na unasuuza kimea polepole, maji yakiingia juu huku mengine yakitoka chini, kifaa hiki kinastahili pesa yake. Nasema hivyo mapema kwa sababu ndugu wengi tulio nao huku Marekani huniuliza kama ni cha lazima au ni pambo la kupendezesha sufuria. Kwangu kimekuwa msaada wa kweli. Ila kinashika upande mmoja tu wa kazi, tena ule mwepesi.

AutoSparge inatoka Blichmann Engineering ya Lafayette, Indiana, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Indianapolis ninapoishi. Ni vali ndogo inayofungwa kwenye ukuta wa sufuria ya kimea. Ndani ina fimbo yenye boya, na mdomo wake unavishwa bomba la mpira wa silikoni linalolala juu ya rojo, yaani kimea kilicholowa maji. Aliyewahi kufungua simtanki akaona boya lake ameshaielewa: maji yakishuka vali inafunguka, yakipanda inajifunga.

Kimea kikikaa kama saa nzima kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68, wanga wake unageuka sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo inabaki imenaswa katikati ya punje. Ndipo tunamimina maji ya nyuzi 76 hivi juu na kukinga maji matamu chini. Mimi hupenda maji yasimame sentimita 2 au 3 juu ya machicha. Yakikauka juu, machicha yanashindiliana na kupasuka mifereji, kisha maji yote yanapita kwenye mfereji mmoja na kuacha sukari pembeni. Kabla ya boya nilikuwa nasimama na jagi mkononi, nachungulia, naongeza, nachungulia tena. Sasa nikishapanga urefu wa boya kulingana na wingi wa kimea, macho yangu yote yako chini, kwenye koki.

Na huko chini ndiko bia inakoharibikia. Watu wengi wana bolvalvu, ile koki ya chuma ya mpini wa robo mzunguko. Ni koki nzuri ya kufungua na kufunga, lakini kupunguza maji kwa utulivu si kazi iliyoundiwa. Ukisogeza mpini kwa upana wa kucha, mtiririko unaweza kuongezeka maradufu. Kwa bia ya lita 20 nataka nusu lita kwa dakika, au zaidi kidogo, na kusuuza kote kuchukue dakika 45 hadi 60. Ukifungua kwa nguvu, machicha yanavutwa yakae juu ya sakafu ya matundu inayoyachuja chini ya sufuria, kama udongo uliokanyagwa. Mtiririko unapungua, wewe unafungua zaidi, nayo yanazidi kukaza. Dawa ni kufunga koki, kuingiza maji ya moto kidogo kutokea chini ili yainuke, kisha kuanza tena taratibu.

Ninachofanya ni hiki: bolvalvu naifungua yote, na mbele yake, kwenye mpira wa silikoni, naweka kibanio cha skrubu. Skrubu inazungushwa mara nyingi kabla mpira haujafunga, kwa hiyo mkono unapata nafasi ya kurekebisha kidogo kidogo. Nakinga kwenye jagi la lita moja huku natazama saa. Kibanio ni cha bei ndogo sana, na ningependa ukinunue kabla ya kununua hata hilo boya. Vali ya sindano, ile inayobana maji kwa ncha nyembamba, nayo inapunguza vizuri, ila vipande vya maganda vinaiziba.

Jambo lingine ambalo sioni likisemwa vya kutosha ni urefu wa mpira unaoning'inia. Mpira uliojaa maji unavuta. Kadiri chombo cha kukingia kinavyokuwa chini, ndivyo machicha yanavyovutwa kwa nguvu zaidi. Mimi nimekiinua chombo juu ya kigoda, na tofauti niliiona siku hiyohiyo. Mwenye pampu asiiache ivute moja kwa moja chini ya machicha bila kizuizi. Na koki ya kupunguza mtiririko wa pampu ikae upande wa kutokea. Ukibana upande wa kuingilia, pampu inakosa maji na kuanza kunguruma.

Kilichonifanya nikipende kifaa hiki ni ulezi. Nimekulia Kibosho, na harufu ya kimea cha ulezi kwangu ni harufu ya nyumbani, kwa hiyo huwa nauchanganya na shayiri. Punje za ulezi ni ndogo mno na hazina ganda gumu kama la shayiri, ambalo ndilo linaloacha njia za maji. Mtiririko unapungua ghafla katikati ya kazi, hata ukiwa umechanganya makapi ya mpunga, na makapi hayo siyaachi kamwe. Bila boya, maji ya juu yangeendelea kujaa hadi yamwagike jikoni. Boya linahisi, vali inajifunga yenyewe, nami napata muda wa kuikata tabaka ya juu kwa kisu sentimita chache na kusubiri. Nikionja maji ya mwisho na kuona yamekuwa mepesi, na kipimo cha uzito wa maji hayo, kinachoonyesha sukari iliyomo, kimeshuka karibu na 1.010, naacha. Ukiendelea kukamua unapata ukakasi wa maganda, hasa pH, kipimo cha uchachu, ikipita 6.

Anayemimina maji yote kwa mkupuo, akakoroga na kukamua, hana haja nayo. Anayepika na mfuko ndani ya sufuria moja pia hana haja nayo. Ukitaka kuitumia kuzungusha maji ya kimea yenyewe badala ya maji safi, hakikisha kwanza yanatoka chini bila vipande, maana vali ni nyembamba, na baada ya kazi ifungue na kuiosha kwa maji ya moto kabla sukari haijakauka.

Inahitaji tundu kwenye ukuta wa sufuria. Pima kwanza kwa kimea kingi kabisa unachotarajia kupika, weka alama juu ya hapo, ndipo utoboe. Tumia kekee ya ngazi, ile inayopanuka hatua kwa hatua, mzunguko wa polepole na mafuta kidogo, kwani chuma cha pua kikipata joto kinakuwa kigumu na kinakula ncha.