Jira ya bure kwa timu ndogo ya Mwanza: sprinti zinazofuata mwezi

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama timu yenu haizidi watu kumi, intaneti yenu si ya kubahatisha, na mteja wenu ni mtu wa "hebu ongezeni na hiki", chukueni Jira ile ya bure, programu ya mtandaoni ya kupanga na kufuatilia kazi za timu. Msilipie kitu kwanza. Na humo ndani msifungue kila mlango mtakaouona, maana ni jumba lenye vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya kampuni za watu elfu. Sisi tunaishi sebuleni na jikoni, na tunatosheka.

Tuko saba, ofisi yetu ipo Nyakato. Kazi inayotulisha kwa sasa ni mfumo wa kurekodi mauzo ya dagaa kwa kikundi cha wafanyabiashara wa soko la Mwaloni, Kirumba. Magunia yanaingia kutoka visiwani, yanapimwa, yanaandikwa, kisha yanaondoka kwenda kwa wanunuzi, wengine wa huku huku nchini, wengine wa Kongo. Wenzangu wanaandika programu. Mimi napanga nani ashike nini, kipi kitangulie, kipi kisubiri. Kwa hiyo kifaa hiki nakifungua kabla ya chai na nakifunga wa mwisho.

Kwa asiyeifahamu: Jira ni ya kampuni ya Atlassian ya Australia, ipo tangu 2002, na ilianza kama daftari la kufuatilia hitilafu za programu. Asili hiyo bado unaionja. Kila kitu humo ni tiketi yenye namba, iwe hitilafu au wazo. Mradi wetu tumeupa herufi DGA, basi ukisikia mtu ofisini anasema "arobaini na saba imenishinda", anamaanisha DGA-47, na hakuna anayeuliza ni ipi. Ukiunganisha na GitHub, mahali timu zinapohifadhi kodi (maandishi ya programu), ukaandika namba hiyo kwenye maelezo ya mabadiliko ya kodi, mabadiliko yenyewe yanajitokeza ndani ya tiketi. Hilo peke yake limepunguza maswali ya "ulibadilisha nini jana" kwa kiasi kikubwa.

Sasa sprinti. Mwongozo wa Skramu, mtindo wa kufanya kazi kwa vipindi vifupi, wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland unasema sprinti ni kipindi cha urefu usiobadilika, kisichozidi mwezi mmoja. Timu inachagua kazi chache, inazimaliza, inamwonyesha mteja, inaanza upya. Watu wengi huchukua wiki mbili, na Jira yenyewe unapoanzisha sprinti inakuwekea wiki moja, mbili, tatu au nne uchague. Chini yake kuna chaguo la kujiwekea tarehe zako mwenyewe. Wengi hawaligusi. Kwetu ndilo lililotufanya tubaki na kifaa hiki, na kueleza kwa nini inabidi nizungumzie ziwa kidogo.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za betri na sola. Mwezi ukishakuwa mkubwa, ziwa zima linamulikwa na taa ya mvuvi haiwavuti dagaa tena. Hapo mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, watu wanakuja mjini kumaliza shughuli zao. Giza likirudi, hakuna anayekaa. Sasa wewe mpange mwenyekiti wa kikundi kwenye kikao cha kuonyeshwa kazi katikati ya giza uone. Atakuja karani wake, kijana mpole anayekubali kila kitu, na wiki inayofuata mwenyekiti mwenyewe atayakataa yote aliyoyakubali.

Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, ameuza dagaa kabla sisi wengine hatujazaliwa. Siku nilipomfuata Mwaloni kumwomba aje kikaoni, nikamwamkia, akaniitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mzani. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, hivyo vikao vyenu mnavipanga kwa kalenda ya nani? Ukitaka nikae chini nitazame, nitafute mwezi ukiwa mkubwa."

Tukaenda kukaa na hesabu. Kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu ni siku 29 na nusu hivi. Sprinti mbili za wiki mbili ni siku 28. Maana yake kila mzunguko unateleza siku moja na nusu, na baada ya mizunguko kumi kikao kilichoanza chini ya mbalamwezi kinaangukia giza totoro, mama yuko mwaloni tangu alfajiri na simu hapokei. Kwa hiyo tuliachana na wiki mbili za Jira. Tunaweka tarehe wenyewe: sprinti moja ya siku 15, nyingine ya 14 au 15, kutegemea mwezi unavyoangukia. Moja tunaiita Giza, nyingine Mbalamwezi, na namba yake mbele. Mbalamwezi inaisha mwezi ukiwa mkubwa, na hapo ndipo tunapofanya maonyesho ya maana, wakiwepo wenye mali. Giza inaisha kimya kimya. Tunamwonyesha karani mambo madogo ya mizani na risiti, basi.

Wataalamu wa Skramu wataguna kwamba urefu unabadilika. Waache wagune. Tofauti ya siku moja haionekani hata kwenye grafu ya kasi ya timu, lakini tofauti ya kuwa na mama kikaoni au kutokuwa naye inaonekana kwenye kila tiketi. Ile ilani ya ajaili (kujenga programu kwa hatua fupi fupi) ya 2001, iliyoandikwa na watu 17 kule Utah, Marekani, inatanguliza kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba. Mteja wangu anashirikiana mwezi ukiwa mkubwa.

Bodi, yaani ukurasa wenye safu ambamo tiketi zinasogezwa, ni kitu kizuri na ina mtego mmoja. Kwanza uzuri wake: Jira haina Kiswahili kwenye vitufe vyake, lakini majina ya safu ni ya kwenu, mnaandika mnavyotaka. Zetu ni Bado, Inafanywa, Inakaguliwa, Imekwisha. Tiketi nazo tunaziandika Kiswahili, kwa maneno ya Mwaloni, ili karani akitumiwa picha aelewe: "Karani apime gunia, aandike uzito, atoe risiti hata mtandao ukiwa haupo." Ukisoma hivyo unajua cha kujenga na unajua utakipima vipi.

Mtego ni safu ya mwisho kulia. Jira inahesabu kazi kuwa imekamilika pale tu inapofika kwenye safu hiyo. Mkijitia kuongeza safu nyingine baada ya Imekwisha, tuseme "Imepelekwa kwa mteja", basi yote yaliyoko Imekwisha yatahesabiwa hayajaisha, na mkifunga sprinti mtaulizwa myapeleke sprinti inayofuata au myarudishe kwenye orodha ya kusubiri. Kaeni mkubaliane mapema kumaliza ni nini. Kwetu kazi imekwisha karani akishaijaribu kwenye simu yake mwenyewe, ile yenye kioo kilichopasuka, akiwa amesimama juani. Kufanya kazi kwenye kompyuta ya aliyeiandika hakuhesabiki.

Kinachonifanya niisifu Jira mbele za watu, hata hivyo, ni ripoti ya sprinti. Tunakadiria ukubwa wa kila tiketi kwa pointi, 1, 2, 3, 5 na 8, na yenye 8 lazima ivunjwe vipande kabla haijaingia. Sprinti ikishaanza, tiketi yoyote itakayoongezwa katikati inawekewa alama ya nyota kwenye ripoti, na kwenye grafu ya kazi zilizobaki mstari unaopaswa kushuka unapanda ghafla. Haina maneno mengi. Inaonyesha tu siku ambayo mzigo uliongezwa.

Mama alikuwa na mazoea ya kupiga simu: "Kijambo kidogo tu." Kimoja kati ya hivyo vidogo kilikuwa karani aweze kuandika mzigo kwa debe badala ya kilo. Kwa mwenye kusikia ni kisanduku kimoja kwenye skrini. Kwa mwenye kutenda ni kubadilisha vipimo, kurekebisha risiti, kurekebisha jumla za mwisho wa siku, na kujibu swali la debe la nani, maana debe la mtu na debe la mtu havilingani. Mbalamwezi iliyofuata nikamfungulia grafu. Sikueleza sana. Akaufuata mstari kwa kidole, akafika pale unapopanda, akauliza tarehe, nikamwambia. Akacheka. "Kumbe huu mlima nimewapandisha mimi." Kisha akasema kitu ambacho hakuna kozi iliyowahi kunifundisha kwa ufupi huo: "Basi nikileta kipya, nitatoa cha zamani."

Tangu hapo kikao cha kupanga kimekuwa biashara halali. Nafungua orodha ya kusubiri kwenye ukuta kwa projekta, jumla ya pointi za sprinti inaonekana juu, navuta tiketi moja kuingia na yeye anachagua ipi itoke. Anapatana bei kama kawaida yake, ila sasa anapatana kwa pointi. Kwa hili naipa Jira nyota nne kati ya tano. Ya tano nitasema imekwenda wapi.

Imekwenda kwenye vurugu za pembeni. Usipozima arifa, kisanduku chako cha baruapepe kitajaa kila mtu anaposogeza tiketi. Nenda kwenye mipangilio yako siku ya kwanza upunguze. Mpango wa bure unakupa GB 2 za kuhifadhi mafaili, na anayekagua kazi kwetu anapenda kurekodi skrini kwa video, kwa hiyo tumekubaliana video zikae kwingine na tiketi ibebe kiungo tu. Katika mpango huo wa bure pia huwezi kugawa ruhusa za nani aone nini ndani ya mradi. Watu wanaoaminiana hawatahangaika. Ukiwa na vibarua wanaoingia na kutoka, fikiria. Vile visanduku vya kujaza kwenye tiketi navyo, kipaumbele, lebo, toleo, sehemu: ondoeni vyote msivyovijaza. Tiketi yenye visanduku kumi vitupu inamchosha kijana kabla hajaanza kazi.

Bei ndiyo ya kuangalia kwa makini. Mtu wa kumi na moja akiingia, hulipi kwa ajili yake peke yake, unalipia wote kumi na mmoja, kila mwezi. Mpango wa kwanza wa kulipia ni karibu dola 8 kwa mtu, inategemea lini unasoma hapa, na malipo ni kwa kadi. Kwa kampuni ya mjini inayolipwa na wateja wa nje si kitu. Kwa timu inayolipwa kwa shilingi na kikundi cha wauza dagaa, zidisha mwenyewe.

Halafu kuna mtandao. Jira ya leo kwa timu ndogo inakaa kwenye seva za Atlassian wenyewe; toleo la kuweka kwenye seva yako ofisini lilifikia mwisho wake Februari 2024. Miezi mitatu baadaye, Mei, nyaya za intaneti zinazopita baharini zikakatika na mtandao wa nchi nzima ukawa unatambaa. Wiki ile tulirudi kwenye karatasi za rangi ukutani na kikao cha asubuhi tukiwa tumesimama, na kusema kweli kazi haikulala. Wenye mtandao wa kusuasua kila siku, tuseme mko kisiwani Ukerewe, ningewaelekeza Redmine, programu nyingine ya kufuatilia kazi. Ni ya bure, kodi yake iko wazi, ipo tangu 2006, na unaiweka kwenye kompyuta yako ofisini inafanya kazi bila kumuuliza mtu wa nje. Sura yake ni ya kizamani na kuiweka kunataka mtu mwenye subira.

Trello wengi mnaijua, nayo imekuwa ya Atlassian tangu 2017. Ni nyepesi, mtu anaizoea ndani ya saa moja, na kwa kupanga harusi au duka inatosha kabisa. Ila ukiifungua hivi hivi haina sprinti wala grafu ya kazi zilizobaki, na mimi bila grafu ile sina cha kumwonyesha mama.

Juzi mhasibu wa kikundi ameomba naye aingizwe kwenye Jira ili "awe anaona mambo yanavyokwenda". Ukimhesabu yeye, karani na mwenyekiti, pamoja na sisi saba, ndiyo kumi kamili. Karani tumemwingiza, maana ndiye anayejaribu kazi. Mhasibu nimemwambia nitakuwa namtumia ripoti kwa WhatsApp kila sprinti inapofungwa, na amekubali, ila anataka ije kabla ya Ijumaa.